Mama Yupo Kwenye Foleni

Mpendwa Dada,

Natumaini mistari hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba ile cherehani yako imeacha kususa. Sisi huku tunapumua. Wifi yako hajambo, ananicheka kama kawaida. Safari hii ni kwa sababu kifungo cha koti langu kiliruka katikati ya hotuba kikampiga mjumbe wa upinzani, na Spika akauliza kama hiyo ni taarifa au ni tumbo.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu ulinikataza. Ulisema nikikupa habari za Mama kwenye simu unalia juu ya vitambaa vya wateja. Basi funga duka kwanza, ukae, ndipo usome.

Mwilini Mama ni mzima. Anakula, anafagia hata palipofagiwa, na humwita wifi yako "yule binti mwema". Mimi ndiye sijulikani. Nikiingia anajiweka sawa kwenye kiti kama mtu aliyefikiwa na mgeni wa serikali, ananyamaza mpaka nitoke.

Alhamisi ni siku yangu ya kusikiliza wananchi, pale pale juu ya duka la vifaa vya ujenzi, benchi moja na viti vya plastiki vya kuazima. Miezi kadhaa iliyopita katibu wangu aliingia akaninong'oneza kwamba Mama yupo kwenye foleni. Nikamwambia amlete mara moja. Akarudi peke yake. Mama amekataa, amesema waliotangulia watangulie, yeye si mtu wa kupitia mlango wa nyuma. Benchi zima lilijua ni mama wa nani, lakini hakuna aliyefungua mdomo. Hata yule fundi viatu anayekuja kila wiki kunitukana kuhusu taka aliinuka, akampisha kiti.

Zamu yake ilipofika aliniita Mheshimiwa, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema amepotelewa na mwanawe. Nikamwuliza ni mtu wa namna gani. Dada, hapo akafunguka! Akasema ni kijana mwembamba (usicheke), anasukuma mkokoteni wa maji tangu baba yake afariki, na dada yake alimshonea vitambaa vya gunia vya kuzuia malengelenge viganjani. Wajane anawapelekea bure, ndiyo maana biashara haikui. Maji yalipokosekana mtaa mzima, yeye ndiye aliyewakusanya watu na majembe wakachimba mtaro mpaka bomba likafika, na hivyo mjinga yule akaiua biashara yake kwa mikono yake. Alicheka mpaka akafuta macho. Watu wakamfanya mwenyekiti wa kamati ya maji, wakaanza kumtuma mikutanoni, na huko mikutanoni, akasema, ndiko alikopotelea.

Nikamwambia, Mama, ni mimi. Akalitazama tumbo, akalitazama koti. Akasema kwa upole kwamba wanasiasa tunapenda sana kujifanya wana wa kila mtu, na kwa hilo kura yake nisiihesabu.

Nikamwambia lile tunalowaambia wote tunapokuwa hatuna la kufanya: suala lako tunalifanyia kazi. Akashukuru, akaondoka. Alhamisi iliyofuata akarudi kuuliza limefikia wapi.

Nimejaribu, Dada. Nilivaa fulana kuukuu, nikaazima mkokoteni, nikausukuma mpaka mlangoni kwetu huku kiuno kinaniuma. Mama akaniambia niende nyumba nyingine, yeye ana mwanawe wa kumletea maji. Majirani walidhani kampeni zimeanza mapema. Daktari naye alisema ugonjwa huu wa kusahau haurudi nyuma, cha muhimu asitoke peke yake, maana ile barabara ya malori anaivuka bila kutazama. Niliwahi kuiombea matuta bungeni. Nikajibiwa kwamba suala hilo linafanyiwa kazi.

Sasa nije kwa lililonishikisha kalamu. Alhamisi iliyopita lori lilifunga breki mbele ya Mama. Halikumgusa, lakini alianguka, na kiganja kikachubuka. Akafika ofisini hivyo hivyo, akakaa kwenye foleni huku damu inamtoka, na aliponiona jambo la kwanza aliuliza kama nimempata. Jioni wifi yako akataka kujua geti tunalolifunga ili Mama asitoke lilibakije wazi wakati ufunguo ninao mimi. Nikamwambia nilisahau.

Sikusahau. Kila Alhamisi naliacha wazi. Nyumbani Mama hana neno na mimi, hata salamu. Kule ofisini ananisimulia mimi mwenyewe, na kila mara anakumbuka kitu nilichokuwa nimekisahau. Nimewahi kumpeleka kwa gari. Tulipofika akaomba arudishwe nyumbani, habari za mwanawe hakuzigusa. Nikamweka katibu amfuate kwa nyuma. Mama alipomwona akageuza njia, akarudi nyumbani. Lazima atoke mwenyewe, kwa miguu yake, kwenda kumtafuta. Bila hivyo hanizungumzii.

Kesho ni Alhamisi. Barua hii haitakufika kabla ya hapo, kwa hiyo hata kukuuliza ni kujisumbua, lakini nakuuliza: nifunge? Bungeni nainua mkono juu ya maisha ya watu nisiowajua, tena huku nasinzia. Huu ufunguo mmoja umenishinda. Njoo, Dada. Wewe ndiye mkubwa.

Msalimie shemeji, na wapwa wote uwabusu kwa ajili yangu. Salamu za Mama sina. Ila wiki iliyopita, nilipokuwa namfunga kile kiganja kule ofisini, nilimwuliza kiofisi ana watoto wangapi. Akasema wawili. Wa kike yuko kwake, anashona, na kwa huyo hana wasiwasi.

Ni mimi mdogo wako,
yule wa pili.