Forodha ya Pangani na Macho ya Mzee Sefu

Tanga,
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa mzima. Chakula kinapita na usingizi unakuja, ila joto la huku bado halijanizoea na mimi sijalizoea. Wewe je, goti linaendeleaje? Ng'ombe amezaa? Barua ya Deodati niliipata kwa mkono wa kondakta, na humo ndimo nilimosoma kwamba ulianguka mferejini ukiwa umebeba majani, na ulipoinuliwa ukasema umeteleza. Mama, kaka anasema mvua haikuwa imenyesha na njia ilikuwa kavu.

Wifi Manka, wewe unayemsomea Mama barua hii, habari za kazi na watoto? Nakuomba usiruke mstari, hata pale utakapoona nimetaja mambo ambayo hapo nyumbani hayatajwi.

Mama, nataka kukusimulia safari moja. Sisi walimu wa shule yetu tumekuwa tukifundisha habari za bandari za zamani kwa chaki na ubao tu, na wengi wetu ni watu wa bara kama mimi. Mwalimu mkuu akasema ni aibu kukaa Tanga na kutoijua pwani yenyewe. Siku hizi mabasi ya watu binafsi ni mengi, tukakodi moja, twende Tongoni na Pangani asubuhi na kurudi jioni.

Mwenye nyumba wangu aliposikia, akasema, "Mwalimu, na mimi niwekeeni kiti." Huyo ndiye Mzee Sefu. Kazaliwa Pangani, ujanani alikuwa baharia wa vyombo vya kubeba boriti na nazi, baadaye akafanya kazi bandarini hapa Tanga mpaka akastaafu. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, meupe kama yako. Daktari alikwisha kumwambia yanasafishika. Yeye hujibu, "Jicho si samaki, halipitishwi kisu." Mkewe, Bi Zuhura, ambaye hukaanga vitumbua barazani, alimbembeleza mpaka akachoka.

Basi tukaondoka. Barabara ni ya vumbi, na huku na huku ni mashamba ya mkonge, mengine yameachwa yakawa pori. Nilikaa na Mzee Sefu. Alikuwa kama mtu anayekwenda harusini, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya. Kila basi lilipopinda alisema tumefika wapi, na mara nyingi alipatia.

Tongoni tuliona msikiti wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, umebaki kuta, na pembeni makaburi yenye nguzo ndefu. Kwenye nguzo kuna mashimo ya mviringo ambamo zamani palipachikwa mabakuli ya Kichina yaliyoletwa na merikebu. Mabakuli hayapo tena. Niliushika mkono wa Mzee Sefu nikauweka ndani ya shimo moja, akapapasa ukingo wake taratibu, akatabasamu. Akatueleza jinsi mabaharia walivyopaka mafuta risasi ya kupimia kina, wenyewe huiita bildi, ili ipande na mchanga wa chini wajue wako wapi hata kama nchi kavu haionekani. Walimu wakaandika. Mimi niliwaza tu, Mama, jinsi unavyopapasa ukuta wa jikoni ukitafuta mwiko.

Pangani tulifika jua likiwa juu. Mto ni mpana, pantoni inavusha watu na baiskeli, upande wa pili minazi mitupu. Mzee akaniambia, "Haya maji yanatoka kwenu mlimani." Nilichota nikaonja, yalikuwa ya chumvi, maana bahari ilikuwa imejaa na kupanda mtoni. Tukaelezwa kwamba misafara ya wafanyabiashara ilianzia hapo kupanda hadi kwetu Uchagani na nguo na shanga, ikarudi na pembe za ndovu, na watu pia. Nilifikiri ni nani wa kwetu aliyepita pale bila kurudi, ambaye hata jina hatulijui.

Kisha Mzee Sefu akasema sasa ni zamu yake, atuonyeshe forodha ya zamani ambako baba yake alikuwa karani. Alituongoza yeye, kashika bega langu. Tulipofika akasimama, akanyoosha fimbo.

"Haya, tazameni wenyewe. Ghorofa yake ile, na roshani ya mbao. Mlango wa mninga, nakshi kutoka juu hadi chini. Hamtaona mlango kama huo Tanga nzima."

Mama, mbele yetu palikuwa na kuta mbili na kichaka. Paa lilikwisha kuporomoka, mbuzi wamelala penye kivuli. Mlango haukuwapo.

Walimu wakatazamana. Mwalimu mkuu akakohoa, akasema, "Naam mzee, jengo zuri kwelikweli." Mwingine akaongeza, "Watu wa zamani walijua kujenga." Mzee akafurahi, akazidi kueleza, na sisi tukazidi kuitikia. Wallahi, kama wanavyosema wa huku, sijapata kuona watu wazima wenye heshima wakisema uongo kwa upole namna ile.

Ndipo akanigeukia mimi. "Mwalimu, misumari ya shaba bado ipo mlangoni? Baba alikuwa akiing'arisha kwa ndimu."

Ningesema ipo, tungepanda basi na siku ingekwisha vizuri. Lakini mkono wake ulikuwa begani kwangu, na niliona siwezi.

"Mzee, nisamehe. Mlango haupo. Nyumba imeanguka."

"Imeanguka lini?"

"Sijui. Muda mrefu. Kuna kichaka ndani."

Aliondoa mkono begani. Akakaa juu ya jiwe na kanzu yake safi. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Na nyumbani je? Zuhura hunificha nini?"

Njia nzima ya kurudi hakutaja tena tumefika wapi. Tulipofika, Bi Zuhura alimpokea, akamwona uso, akanijia chumbani amefura. "Mtu ametoka hapa na furaha yake, umenirudishia maiti! Ulipungukiwa nini ungemwambia mlango upo?" Nikaanza hata kuulizia chumba kwingine, maana salamu zangu barazani zilikuwa haziitikiwi.

Halafu asubuhi moja nikiwa napiga mswaki uani, Mzee Sefu akaja na fimbo yake. "Mwalimu, huko hospitali mtu huenda na nini?"

"Huenda na mtu wa kumshika mkono, mzee."

"Basi vaa viatu."

Tulikwenda watatu, mimi, yeye na Bi Zuhura, ambaye alisoma dua njia nzima bila kunitazama. Nilikuwa nikidhani, Mama, ni kitanda na usingizi na damu. Sivyo. Walimtia dawa ya ganzi, akabaki macho, akamsikia daktari na muuguzi wakizungumza habari za mpira. Anasema alihisi kama mtu anamgusa kope kwa kidole. Kesho yake walipomfungua kitambaa, jicho lilitoa machozi, akapepesa, akatazama dirisha kwanza. Kisha akamtazama mkewe kwa muda.

"Zuhura, mbona umezeeka peke yako?"

"Tulizeeka wote," akajibu Bi Zuhura, "ila wewe hukuwa unaangalia." Akaangua kicheko na kilio pamoja, na mimi akanivuta kifuani. Tangu siku hiyo chai yangu ya asubuhi haikosi kitumbua.

Jicho la pili nalo limesafishwa. Na wiki iliyopita Mzee Sefu alipanda basi peke yake, akaenda Pangani. Bi Zuhura alikuwa na wasiwasi kwamba atarudi amevunjika moyo zaidi. Alirudi jioni na mchanga kwenye viatu, akakaa barazani, akasema, "Imeanguka kweli. Nimelia pale mpaka mbuzi wamenishangaa." Akanywa maji. "Lakini Mwalimu, na nyinyi hamkuangalia vizuri. Nyuma ya ule ukuta kuna mafundi wanaunda mashua. Mpya, mbao zinanukia. Mliona aibu ya kuanguka kwa nyumba mkashindwa hata kuzunguka nyuma." Ni kweli, Mama. Hatukuzunguka. Sasa anapanga kurudi siku watakapoendelea kuitia kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta, kwa sababu anasema waliyoanza kuitia ni ya kivivu.

Sasa nisikilize, na Manka asome polepole. Hapo nyumbani nasi tunakuambia mlango upo. Unapouliza kahawa ya upande wa chini kama imechanua, unajibiwa imechanua. Haipo, Mama. Bei ilipoanguka na dawa ikawa haishikiki, Deodati aliing'oa, ile mliyopanda na Baba, akapanda nyanya. Ameshindwa kukuambia kwa mdomo wake, ameniomba niseme mimi. Alilia alipokuwa anang'oa, ameniandikia hivyo. Lakini nyanya zimekubali, na wanunuzi wa Holili, kule mpakani, wanazifuata hapohapo shambani. Migomba na kahawa ya kuzunguka nyumba haijaguswa. Kasirika kama utakasirika, una haki. Ila ukimaliza, nenda ukaangalie mwenyewe.

Najua unamfikiria jirani yetu aliyepasuliwa na hakuona. Nilimwuliza daktari wa hapa. Alisema wengine huja wakiwa wamechelewa mno, jicho limekwisha kufa kwa ndani, na ndiyo maana yako yasingoje. Deodati amekwisha kuulizia kule mjini, hospitali ya Mawenzi. Atashuka na wewe, Manka atabaki na ng'ombe. Hutalala usingizi wa dawa, na mkono wako utakuwa umeshikwa.

Msalimie padre wa parokia, mwambie nimepata kwaya huku. Msalimie shangazi anayepika mbege, asiache kuniombea. Wajomba wote wa Kirua, na dada yangu mkubwa aliyeolewa Marangu akija kukuona. Wapwa zangu, watoto wa Manka, wasome. Mzee Sefu na Bi Zuhura nao wanakusalimu, wanasema wewe sasa ni ndugu yao.

Shule zikifungwa nitapanda basi nije. Nikifika sitabisha wala kutaja jina langu. Nitasimama mlangoni nikiwa nimenyamaza, Mama, mpaka wewe mwenyewe useme ni nani amekuja.

Aika, mae, asante. Ruwa, Mungu wetu, akulinde.

Binti yako anayekuwaza,
Felista