Siku Yangu ya Kusema Kuhusu Denis

Jumapili, 5 Oktoba
Ofisini tangu asubuhi. Tanbihi za Profesa ninayemchapia kazi, tena. Makala nyingine kuhusu Marekani: aliyefungwa maisha akiwa mtoto, je, arudishwe mbele ya jaji apunguziwe kifungo? Yeye anasema ndiyo. Wapinzani wake wanadai anawasahau waliofiwa. Nimemwandikia aya ya kuwajibu. Macho yanauma. Mwanangu Najma bado ana homa.

Jumanne, 7 Oktoba
Simu kutoka Marekani, ofisi ya mwendesha mashtaka. Aliyempiga risasi na kumuua kaka yangu Denis, pale kituo cha mafuta alikokuwa akifanya kazi, anarudi mahakamani. Muuaji alikuwa na miaka kumi na sita wakati ule. Sheria mpya ya waliofungwa wakiwa watoto imemfikia. Familia inaweza kuzungumza, kwa video, wiki ijayo.
Nilimwambia mpigaji simu asante. Sijui asante ya nini.
Nimeisoma tena aya yangu. Nimeichukia.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimempigia Mama, Nakuru. Kasema, "Mwambie jaji amwache humo humo. Wangu yuko kaburini, hana pa kutokea." Nikamkumbusha kwamba yule alikuwa mtoto. "Hata Denis alikuwa mtoto. Wangu." Hatukuagana vizuri.
Profesa naye nimemwambia. Akasema niiache makala, na nisiseme lolote mahakamani kwa ajili ya hoja zake. Nilishukuru. Nilikasirika pia. Miaka yote ameandika "waliofiwa", kumbe mmoja anamchapia.

Jumapili, 12 Oktoba
Kanisani. Sikusikia mahubiri. Kisha nimelala hadi jioni. Natamani kesi iishe bila mimi.

Jumatano, 15 Oktoba
Jioni hapa, asubuhi kule. Nilijifungia ofisini.
Yule aliyemuua Denis akatokea kwenye skrini. Mnene, upara unaanza. Niliyemchukia siku zote ni kijana mwembamba wa kwenye picha. Huyu simjui.
Nilianza na maneno ya Mama, kama alivyoyasema, bila kupunguza. Halafu yangu. Kwamba sijamsamehe. Kwamba sitaki kumwomba jaji amzuie, kwa sababu kufungwa kwake hakujawahi kunipunguzia kitu.
Aliomba radhi kwa kusoma karatasi. Sikuhisi chochote, ila uchovu.
Jaji amempunguzia. Atatoka mwakani.
Mama hapokei simu.

Ijumaa, 17 Oktoba
Mama amepiga mwenyewe.
Aliuliza kama niliyasema maneno yake. Yote, nikamwambia. Akauliza yangu. Nikamwambia pia. Nilingoja anigombeze.
"Mama yake yule alikuwepo?"
Nikasema kulikuwa na mwanamke mzee nyuma yake, amejifunika shali ya kijivu, analia.
"Basi mwanawe akitoka, atampikia," akasema.
Nilisikia akivuta kiti, akakaa. Hakuna aliyekata simu.