Vyombo vya Mujomba Havitoki Humu Ndani

Mujomba wangu uliye mbali,

Kuna neno sijamwambia mtu yeyote, wala padri kwenye maungamo, wala Mama tukiwa wawili tu jikoni. Nyumba yako ya bendi naitaka iwe yangu. Sisemi nikulindie mpaka urudi. Sisemi nikae pembeni kuandika majina ya wanaoazima gitari. Naitaka mimi, bendi za Kasongo na za Kabambare zije kwangu kama zilivyokuwa zinakuja kwako, na mwenye arusi akitaka ngoma aongee na mimi. Haya, nimesema. Neno limetoka.

Najua ungecheka mpaka ukae chini. Ungemwambia Mama, "Dada, unasikia? Huyu! Huyu ambaye hata kuku hawamusikii akiwafukuza!" Ndiyo, Mujomba, huyu huyu.

Unakumbuka mara ya kwanza nilipoingia katika chumba hiki cha nyuma ya nyumba yetu? Baba alikupa kwa sababu Mama alimsumbua mpaka akachoka. Nilikuwa natoka shuleni kwa masista, bado nimevaa sare, nikaona mlango uko wazi. Ndani kulikuwa na gitari mbili, moja ya dukani na moja uliyochonga mwenyewe ukaifunga nyuzi za breki za baiskeli. Kulikuwa na kinanda cha akordeo chenye kiraka, na ngoma zimepangwa kwa ukubwa kama watoto wa tumbo moja. Nikakuuliza kama ni ghala.

"Hapana, mama," ukanijibu. "Hii iko duka. Lakini hatuuzi kitu."

Ukanieleza polepole, kama mtu anayenionyesha njia ya shambani. Bendi isiyo na vyombo inaazima hapa, inapiga, inarudisha. Kile inachopata, sehemu inabaki nyumbani kwa ajili ya ngozi mpya na nyuzi mpya. Na mwenye arusi haendi tena sokoni kuwavizia vijana mmoja mmoja na kuwaambia, "Kujeni mupige, mutakula." Anakuja hapa, anaongea na nyumba. "Tukishika neno moja," ukasema, "hakuna mutu atatulisha tena jikoni."

Jikoni. Neno hilo ulikuwa unalitema kama mchanga kwenye wali. Ndivyo walivyowafanyia wapiga muziki wote: mnaingia kwa mlango wa nyuma, mnapiga mpaka nguo inashika mgongoni, halafu wageni wakishanawa mikono mnaitwa kukwangua ukoko wa sufuria. Ndiyo maana ukaweka sheria yako ya moto. Ngozi ya ngoma isipooteshwa moto inalia kama debe bovu, kila mtu anajua. Wewe ukasema moto hautawashwa mpaka bendi itandikiwe mukeka mbele, pale walipokaa wageni wengine.

Ile arusi karibu na soko siwezi kuisahau. Bibi arusi alishaingia, wanawake wanapiga vigelegele, na ninyi mmesimama tu uani na ngoma baridi. Baba mkubwa wa bibi arusi akatoka, kanzu imenyooka, tumbo mbele.

"Mbona hamuanzi?"

"Tunangojea mukeka, muzee," ukasema kwa adabu.

"Mukeka wa nini? Mumekuja kuswali?"

Watu wakacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Lakini Ramazani, mpiga ngoma wako mkubwa, yule ambaye hajawahi kushinda ulimi wake, akajibu, "Tukiswali tutakuombea, muzee, Mungu akufungue mukono kidogo!" Sasa wanawake ndio waliocheka, na bibi arusi mwenyewe akaficha uso kwenye ukaya mabega yakimtikisika. Mukeka ukaja. Ulikuwa mzuri, wa rangi tatu. Mkala pilau moto, mkapiga mpaka yule muzee akacheza na kofia yake mkononi.

Ukanipa na mimi kazi. Kila ngoma ilitaka ruhusa ya biro, ile ofisi ya wazungu, na biro ilitaka Kifaransa, kwa hiyo nilikuandikia maombi. Ukiwa umeketi ukipaka mafuta ngozi, ulinitaka nisome kwa sauti. Sauti haikutoka. Sista husema Kifaransa kinataka mdomo ufunguke. Baba husema mtoto mwanamke afunge mdomo. Kati ya lugha mbili nikajifunza kunyamaza kwa zote mbili. Wewe tu hukuniharakisha. Ulipaka mafuta, ukangoja, mpaka mstari wa kwanza ukatoka, na wa pili. "Ona," ukasema, "utakuwa karani wangu mukubwa."

Nilifurahi siku hiyo. Leo nakuambia hapana.

Sasa nifike Kabambare, kwa sababu kuna kitu hukukiona, na hakuna aliyeweza kukueleza. Mimi nilikuwa huko kwa Bibi, shule imefungwa. Mkubwa wa wazungu alikuwa anakuja kutazama territoire, yaani wilaya yetu, na mashamba yake ya pamba, na bendi zote ziliitwa zimchezee. Mvua ilinyesha asubuhi, ngozi zikalegea. Mlisimamishwa nyuma ya lori, kwenye matope, wakati machifu na makarani wamekaa viti chini ya turubai. Askari akaja.

"Pigeni!"

"Ngoma iko na maji, afande."

"Basi washeni moto, haraka!"

"Tutawasha," ukasema. "Mutupatie kwanza pahali pa kukaa, kama hawa wengine."

Niliona mgongo wako ulivyonyooka. Uliongea kwa sauti ile ile uliyotumia kwa muzee wa arusi, wala hukuipandisha wala hukuishusha, kama vile mzungu na muzee mwenye tumbo ni watu wa aina moja wanaohitaji kukumbushwa adabu. Karani wa kutafsiri alipomaliza kunong'ona, mzungu hakukasirika. Hicho ndicho kilichoniuma. Alitabasamu, akasema kwa Kifaransa, "Mwondoeni huyo. Wengine watapiga." Nilikuwa katikati ya wanawake, na nadhani ni mimi peke yangu pale niliyeelewa. Hivyo ndivyo alivyowaona wapigaji wenzako. Alikuwa na hakika nao kama mtu aliye na hakika na mbwa wake.

Ukapandishwa kwenye lori la polisi. Lori likapinda kwenye mihogo, nawe hukuona kilichofuata. Basi nisikilize: hawakupiga. Askari alipiga kelele, hawakupiga. Ramazani aliigeuza ngoma yake akakaa juu yake kama kiti. Wale vijana wa Kabambare, ambao ulisema ni waoga, waliweka akordeo chini kwenye majani, mmoja akavua koti lake akaifunika isilowe. Mkubwa wa wazungu alikagua pamba, akapanda gari, akaondoka bila wimbo hata mmoja. Wanasema umepelekwa jimbo lingine, na hutarudi mpaka amri itoke. Hawajatuambia wapi. Lakini popote ulipo, usilale ukidhani ulisimama peke yako.

Ramazani alivirudisha vyombo Kasongo juu ya lori la mpunga, vimefunikwa magunia. Tangu hapo Baba hapiti karibu na chumba hiki. Na sasa karani wa duka la Mgiriki ameanza kuja. Anakaa, anakunja suruali isiguse vumbi, anasifu chai ya Mama. Juzi nilimsikia kutoka jikoni.

"Baba Maria, hivi vyombo tajiri wangu anavichukua vyote. Bendi zitapiga barazani kwa duka, watu wanunue vitu. Ni faida kwa kila mutu."

"Na wapigaji watapata nini?" Baba akauliza.

"Si watapata chai?"

"Wakikataa?"

"Santuri iko, muzee! Santuri haili wali, haiombi mukeka."

Baba akacheka, Mujomba. Kicheko kidogo, cha mtu anayetaka mgeni aondoke salama, lakini alicheka. Mgeni alipokwenda, akanikuta nimesimama na sufuria mkononi. "Usiniangalie hivyo," akasema. "Mujomba wako alitaka kushindana na Bulamatari, serikali nzima ya wazungu, na sasa iko wapi? Miye niko na watoto." Simchukii Baba. Anaogopa, na ana sababu. Lakini woga wake ni wake, sitaurithi.

Jana, kutoka shuleni, sikupinda kwetu. Nilikwenda mpaka kwa Ramazani, walikokaa wapigaji wa bendi tatu wakimenya karanga. Niliongea nikiangalia vidole vya miguu yangu, lakini niliongea. Niliwaambia kwamba vyombo vikienda barazani kwa Mgiriki, hakuna hata mmoja wao atakayekataa kitu tena, maana mwenye ngoma ndiye atakayesema ngoma ilie lini. Kijana mmoja akauliza, "Sasa mutoto mwanamuke ndiye atakuwa mukubwa wetu?" Nikamjibu bila kujua jibu lilitoka wapi: "Hapana. Miye nitakuwa mukubwa wa gitari unayoitaka Jumamosi." Ramazani alikabwa na karanga kwa kucheka. Halafu wakatazamana, wakakubali. Hakuna atakayepiga barazani. Wataazima kwangu, watarudisha kwangu, na sehemu ya nyumba wataitoa.

Kwa hiyo ukirudi, Mujomba, gitari yako utaikuta imepangwa sauti. Utaiazima kama wengine. Tena nitakuuliza unarudisha lini. Ukinuna, unune. Ulinifundisha kusoma kwa sauti, sasa vumilia.

Nakutakia afya, na mahali pakavu pa kulala, na mtu wa kukucheka ukijisifu. Nakuaga nikiwa nimekaa juu ya ngoma ndogo, jua la mchana linaingia dirishani. Nasikia watu wanakuja uani. Viatu vya kulialia ni vya karani. Hatua nzito za kandambili ni za Baba, na nyuma yao gurudumu la mkokoteni. Mpaka jana ningekunja ukurasa huu niuingize ndani ya nguo. Leo nauweka juu ya akordeo, maandishi juu, wino bado unang'aa. Waingie. Baba asome, na karani amsomee asipotaka kuamini. Mkokoteni utarudi mtupu.

Maria, mtoto wa dada yako,
mwenye nyumba ya bendi