Kiti cha Nyuma ya Goli

Jumatatu, 21 Januari

Baridi, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Gari lililala limechomekwa kwenye umeme ili injini isigande, na asubuhi bado liligoma kuwaka. Nilifika ofisini nimechelewa dakika nne. Bi. Lorna alitazama saa ya ukutani, akarudi kwenye karatasi zake. Afadhali angesema kitu! Muda wangu wa majaribio unakwisha tarehe 31 Machi, na ni yeye atakayeandika kama nafaa kuwa karani wa mji huu au sifai.

Saa nne akaniita. Nikajua ni zile dakika. Kumbe ni hoki ya barafuni. Mzee Orest, yule anayekaa nyuma ya goli siku za mechi na kuwasha taa nyekundu bao likiingia, ameteleza kwenye ngazi za kanisa na kuvunjika nyonga. Bi. Lorna ni katibu wa klabu. Anatafuta mtu wa kukaa pale.

Nikamwambia sijui hoki. Sijakanyaga uwanja wa barafu tangu nina miaka saba, siku kisahani, kile kipande cha mpira mgumu wanachokipiga kwa magongo, kiliponing'oa jino.

Akacheka. "Ndiyo maana nakutaka wewe, Wendell. Mji wote huu wa Halvern ni wewe peke yako usiyejali nani anashinda. Hata padri anazomea."

Nikakubali. Ningefanyaje?

Jumapili, 27 Januari

Mechi yangu ya kwanza. Kibanda ni cha vioo, upana wa kabati la nguo, nyuma kabisa ya goli. Ndani kuna kiti na kitufe kimoja. Mzee Orest alinipa maagizo kwa simu kutoka hospitali: "Usitazame mchezo, kijana. Mchezo ni wa watu. Wewe chako ni mstari." Kisahani kizima kikivuka mstari, nabonyeza — nyekundu. Kipindi kikiisha honi inalia na taa ya kijani inawaka yenyewe. Na kijani ikishawaka, nyekundu haiwaki tena, hata nibonyeze mpaka kidole kivunjike.

Sharti la mwisho: kibandani hakuna kushangilia. Hata kofi moja.

Mabao manne upande wangu. Yote niliyawahi. Lakini kisahani kimoja kiligonga kioo mbele ya pua yangu nikajikuta sakafuni. Nilipofika nyumbani Mama alikuwa ameshapata habari.

"Wanasema ulijificha kama kifaranga kilichoona mwewe."

Mwezi mmoja tu. Mzee Orest atapona.

Jumapili, 10 Februari

Kuna jambo limenitokea na sijui niliandikeje.

Kutoka pale kitini simwoni mtu vizuri isipokuwa golikipa, tena mgongo wake. Lyle Bettschen, golikipa wa Halvern. Ana miaka thelathini na sita, anafanya kazi kwenye ghala la ngano, na vipindi viwili kati ya vitatu analinda goli la upande wangu. Huongea peke yake muda wote. Nilidhani anasali. Leo kulitulia kidogo nikasikia — anawatukana! Taratibu, kwa upole, mmoja mmoja. "Njoo baba, njoo, usione haya. Hilo ni gongo au ufagio wa mama mkwe? Haya, lete." Halafu anajitupa. Na kila akiinuka, magoti yake yanalia na yeye anaguna kama mtu anayenyanyua gunia. Walioko vitini hawasikii. Nasikia mimi tu.

Katikati ya mchezo akageuka, akainua kinyago. "We karani! Unapumua humo? Kioo kimejaa mvuke. Futa, utanihukumu kwa kubahatisha!"

Nikacheka kwa sauti. Nikafuta.

Dakika mbili baadaye mpinzani alikuja peke yake, mbio, hakuna wa kumzuia. Lyle alitoka akalala mbele yake mwili mzima. Kisahani kikaishia kifuani mwake. Na mimi nilikuwa nimesimama. Nimesimama! Ngumi zimekunjwa. Nikakaa upesi, nikatazama huku na huku. Hakuna aliyeniona.

Jumatano, 13 Februari

Nimeazima kitabu cha kanuni. Kurasa mia moja na kumi. Nimekimaliza kwa siku mbili.

Leo, nikipanga barua, nikamuuliza Bi. Lorna kwa nini walinzi wetu wanarudi nyuma mapema vile. Akashusha miwani.

"Usiniambie nawe umenaswa, Wendell."

"Ni udadisi tu, Bi. Lorna."

"Marehemu mume wangu naye alianza na udadisi. Mwaka wa pili akaacha ngano shambani ikaliwa na theluji kwa sababu ya mechi na timu ya Orley."

Ulikuwa mzaha. Lakini ningepaswa kumwambia palepale: yule mtu asiyejali hayupo tena, tafuteni mwingine. Kanuni ya 36 inasema wazi kwamba mwamuzi wa goli asiwe na upande. Nilifungua mdomo. Nikauliza kama bili za maji zitumwe leo au kesho.

Ningesema, ningenyang'anywa kiti. Huo ndio ukweli.

Jumapili, 24 Februari

Nusu fainali. Tumetoka mechi tatu kwa tatu na Orley. Mechi ya saba, ya kuamua, ni Jumapili ijayo, hapa kwetu. Miaka kumi na tisa Halvern haijafika fainali. Nimesema "tumetoka". Nani alinifundisha hilo "tu"?

Jumamosi, 2 Machi

Sikula. Mama kasema mbona hata siku ya mtihani wa mwisho wa chuo nilikula.

Jumapili, 3 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Kipindi cha tatu. Sisi tatu, wao mbili. Lyle yuko mbele yangu. Sina saa ninayoiona kutoka pale, lakini uwanja mzima ulikuwa ukihesabu: kumi, tisa, nane. Lyle hakutukana mtu tena. Alikuwa akisema tu "bado, bado, bado."

Waliposema mbili, yule mrefu wa Orley, Duane Poirier, alipiga. Kisahani kiligonga mkono wa Lyle, kikaruka, kikaanguka nyuma yake. Kikateleza polepole, kama mzee anayevuka barabara. Kikafika kwenye mstari. Kikavuka. Chote! Niliona barafu nyeupe kati ya kisahani na mstari, upana wa vidole viwili. Honi ilikuwa bado.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

Sikubonyeza. Nilisema "Hapana." Kwa sauti, kama anayemkataza mtoto.

Kisha honi. Kisha kijani. Hapo ndipo nilibonyeza, kwa nguvu zangu zote. Hakuna kilichowaka. Lyle alikuwa ameshakivuta kisahani kwa mkono nyuma ya mgongo wake.

Refa hakuona, alikuwa amezibwa na watu. Akaja mpaka kwenye tundu la kuongelea kwenye kioo cha kibanda.

"Taa gani, bwana?"

"Kijani."

"Una hakika?"

"Kijani."

Aliniuliza habari za taa. Nilimjibu habari za taa. Kila neno nililosema ni kweli. Nimelirudia mara ishirini tangu nifike nyumbani na halijanisaidia.

Jumatatu, 4 Machi

Pai tatu mezani kwangu. Ya tufaha, ya mabua machachu ya rhubabu, na moja sijaifunua. Watu walikuja ofisini bila shughuli yoyote, kunipa mkono tu. Mwenye duka la vifaa alisema, "Kijana wa macho ya mwewe!" Januari nilikuwa kifaranga.

Bi. Lorna: "Leo hata ungechelewa, mwanangu, nisingetazama saa."

Hajawahi kuniita mwanangu.

Jumanne, 5 Machi

Lyle alikuja kwenye dirisha la ofisi kuandikisha mbwa wake. Nilijaza fomu. Jina la mbwa, rangi, umri. Alikuwa na plasta kwenye kidevu. Bi. Lorna alikuwa kwenye simu chumba cha nyuma.

Bila kuinua macho akasema, "Ulikiona?"

Niliendelea kuandika. "Nilikiona."

"Kabla ya honi."

"Kabla."

Akachukua kibati cha namba cha kumvalisha mbwa, akakigeuzageuza. "Mimi nilikisikia kikipita. Golikipa huwa anajua. Ni kama mtu kufungua mlango nyuma yako, ubaridi ukaingia."

Nikamuuliza atafanya nini.

"Mimi? Mimi kazi yangu ni kuzuia, Wendell. Kusema bao ni kazi yako." Halafu akaguna, goti lile la kushoto. "Huu ni msimu wangu wa mwisho. Nakwambia tu. Sikuombi kitu."

Angeniomba ingekuwa rahisi zaidi. Ningejua wa kumlaumu.

Alhamisi, 7 Machi

Barua kutoka kwa ligi. Orley wamekata rufaa. Wanadai kisahani kilivuka kwa wakati na kwamba mwamuzi wa goli alikuwa mzito kubonyeza. Jumamosi anakuja Bwana Aasen, mkuu wa waamuzi. Atanikalisha palepale kibandani. Kisahani kitasukumwa kuvuka mstari mara kumi, na yeye atapima kidole changu. Kikiwa chepesi, taa yangu inaaminika na Halvern inakwenda fainali. Kikiwa kizito, bao la Orley linahesabiwa na mechi inaendelea ikiwa sare.

Bi. Lorna aliisoma akapiga meza kwa furaha. "Wamejimaliza wenyewe! Wewe? Mzito? Mabao ishirini na sita hujachelewa hata moja!"

Kweli. Sijachelewa hata moja. Sikuchelewa hata lile. Lile sikutaka.

Kurasa mbili za barua. Nimezisoma mara nne nikitafuta swali moja tu: Karani, wewe uliona nini? Halimo. Watapima kidole.

Jioni nilimwandikia Bwana Aasen. Mistari mitatu, safi, tarehe juu. Nikaisoma, nikaona jina langu pale chini. Nikaona uso wa Bi. Lorna, na tarehe 31. Nikaona mji mzima, na mimi nikipita na mfuko wa mkate, hakuna anayenisalimu. Nikaichana. Mimi ni mwoga. Hili nalo niliandike.

Jumamosi, 9 Machi. Kibandani, karibu saa sita mchana

Naandikia gotini. Fyuzi ya ubao wa saa imeungua na wanaibadilisha. Mara tisa zimekwisha, imebaki moja.

Watu kama mia wamekuja kutazama jaribio! Wameleta mablanketi na kahawa. Kila nyekundu ikiwaka wanapiga miguu kwenye mbao. "Karani wetu! Karani wetu!" Nyekundu mara tisa kati ya tisa. Bwana Aasen ana saa ya kupimia sekunde na daftari, anaandika bila kuinua kichwa. Kocha wa Orley ameacha kutazama. Amekaa na kofia usoni.

Sikujaribu kuwa mwepesi. Wala sikujaribu kuwa mzito — nilifikiria, mara ya tatu nilifikiria sana, lakini huo nao ungekuwa uongo, tena wa pili. Mkono unaona, unabonyeza. Ndivyo ulivyo siku zote isipokuwa siku moja. Na kila nyekundu inawaambia: mkono huu haukosei. Kila moja ni kweli. Zote tisa kwa pamoja ni uongo mtupu.

Anayesukuma kisahani ni Poirier mwenyewe. Walimpa yeye ili Orley wasiseme wamepunjwa. Kila akimaliza ananitazama. Hana hasira. Ananitazama kama mtu anavyotazama saa aliyoambiwa ni sahihi, akijiuliza kama ni yeye aliyekosea.

Lyle amesimama golini, hana kinyago. Mara tisa kisahani kimempita. Hakumtukana mtu.

Sasa hivi Bwana Aasen alipita hapa, akainama kwenye tundu la kioo.

"Una vidole vya mpiga kinanda, kijana."

Nikasema, "Mama yangu anafundisha kinanda."

Mungu wangu! Alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Hakukuwa na mtu mwingine. Maneno yalikuwa mdomoni, na nikamweleza habari za kinanda. Amekwenda. Ameshafika katikati ya barafu.

Wametangaza kwamba ubao umewaka. Watu wanakaa. Bi. Lorna ameniinulia dole gumba kutoka safu ya mbele, anacheka, machozi yanamlengalenga. Miaka kumi na tisa.

Bwana Aasen ameinua mkono: ya mwisho. Poirier anakuja na kisahani. Kitufe kiko upande wa kulia wa kiti, palepale. Mkono wangu wa kulia umeshika kalamu. Lyle amegeuka, ameona kalamu. Kuna mtu anapiga kelele, "Karani! Kitufe!" Kisahani kimepita mguu wa Lyle. Kiko kwenye mstari. Kimevuka, chote, barafu nyeupe naiona, na mkono unaandika, naandika tu, na Bwana Aasen ameinua kichwa kutoka kwenye saa yake ananitazama mimi kwa mara ya kwanza leo, anakuja, anakuja huku kwenye tundu, na safari hii sitamweleza habari za kinanda —