Ulisema Wacha, Mie Nikasikia Bacha

Ndugu yangu Masoud, uliyetangulia,

Nnakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Mjukuu wangu alitaka mie niseme tu, yeye aandike kwenye simu, kwa kuwa chuo nilichosoma ni cha Qurani, na herufi hizi za kizungu nilijifundisha kwa kusoma makasha ya stoo. Nikamkatalia. Mkono ulioshika gongo la mpira mpaka watu wa Matrah na Maskati wakasimama juu ya magari kutazama, hauwezi kushindwa na kalamu. Makosa utayaona, na utayastahamili kama ulivyonistahamili mwenyewe.

Sasa sikiliza. Kwenye hitma yako mwanao Nassor aliwasimulia watu ile mechi yetu na askari. Kasema, baba alimpigia kelele, "Wacha!" na huyu ami yangu hapa, kwa ukaidi wake, akauendea mpira. Watu wakacheka, wazee wazima, mmoja kahawa ikamwagikia kanzu. Mie nikanyamaza. Wewe ndiye unayejua ni jambo gani hilo, mie kunyamaza. Ilikuwa hitma yako, nikakustahi. Lakini tangu siku ile halijanitoka rohoni, na nnakuandikia wewe, maana kesi hii ni yetu wawili na hakimu wake hajazaliwa.

Unakumbuka uliponiona mara ya mwanzo? Mie na mama tulikuwa Matrah, huku Omani, tangu mwaka wa sitini na nne, tuliposhuka melini kutoka Unguja na kasha moja la nguo. Tukapewa chumba katika nyumba ya jamaa wa marehemu baba. Mie sina kazi, mama anashona kofia. Wewe ulikuwa dereva wa kampuni ya mafuta, mtu mkubwa, una funguo zinalia kiunoni. Alasiri moja ukapita pwani ukatukuta vijana tunacheza magongo maji yamekupwa. Ukasimamisha gari. Ukauliza, yule mtoto wa nani anayewanyang'anya wakubwa mpira? Wakakwambia si mtoto yule, ana miaka kumi na tisa. Ukacheka mpaka ukashika mlango wa gari. Nikakwambia shuka ucheze. Ukashuka na viatu vyako vya kazi. Nikakunyang'anya, ukarudi, nikakunyang'anya tena. Hili Nassor hakulisimulia.

"Weye mbona huinami?" ukaniuliza, unahema.

"Niiname niende wapi? Mie nishafika."

Nilikuwa nakufika kwapani, ukivaa viatu nachungulia mbavu. Lakini mpira wa magongo uko chini, Masoud. Nyinyi warefu mpaka muukunje mgongo, mpira umeshapita unakwenda zake. Mie naishi huko huko chini. Nilikwambia siku ile, ukasema nna kiburi. Kiburi nilikuwa nacho na sababu pia nilikuwa nayo.

Wakati ule ndipo ami yangu wa Ibra, kule bara kwa Waarabu watupu, alipoleta salamu. Kasema kijana akikosa kazi mpaka tende zikiiva, aje na mama yake, shamba lipo, kazi ipo. Maneno mazuri, sina la kumlaumu. Mie ningekwenda, ningepanda mitende, ningelalamika lakini ningeishi. Mama je? Mama kazaliwa Malindi ya Unguja. Kiarabu chake kilikuwa cha salamu na sala. Pale Matrah alikuwa na mashoga zake waliokuja na meli moja, wanakaa uani wanasengenya kwa Kiswahili mpaka magharibi. Siku ile alipopata salamu za Ibra aliweka sindano chini akanambia, "Mwanangu, kule mie ntasema na nani?" Hakulia. Kaniuliza tu, kama mtu anayeuliza bei ya samaki. Nilikuja kukusimulia wewe. Kesho yake ukaja kunambia timu ya kampuni inataka beki wa kushoto.

Na anayesema Maskati haikuwa na mchezaji wa mshahara siku zile aje anikabili. Mimi hapa. Kampuni ikimtaka mchezaji inamwandika kazi, kisha kazi yake ni alasiri uwanjani. Mie wakaniandika msaidizi wa stoo kwa majaribio, na stoo yenyewe nilikuwa nafagia tu. Kapteni wetu alikuwa karani, Mgoa mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake cha Vuga kabisa, mtu wa suruali yenye mkunjo. Aliponiona akakutazama wewe. Akauliza umemleta beki au umemleta wa kuokota mipira. Ukamjibu, mtie ndani nusu saa. Ndivyo ulivyokuwa, maneno kwako yalikuwa kama maji ya safarini.

Jezi ilinifika magotini. Viatu mama alivitia vitambaa mbele. Uwanja wenyewe ule pale kambini kwa kampuni, udongo uliomwagiwa mafuta mazito ukashindiliwa, mpira ukigonga kijiwe unaruka mpaka kifuani. Tulianza na timu ya wafanyabiashara wa Matrah. Fowadi wao aliponiona akawaita wenzake kwa Kihindi waje waone. Nikamwacha acheke. Alipokuja na mpira nikaondoka nao, nikamwacha kama mtu aliyesahauliwa mlangoni. Akaja tena, nikauchukua tena. Baadaye akawa anahamia upande wako wewe, Masoud, upande wa kulia, kwa sababu huko kulikuwa na nafuu. Nnasema kweli, nisikufiche hata sasa. Mechi baada ya mechi, upande wangu ukawa haupitiki. Yule Mzungu mkubwa wa kampuni aliuliza jina langu mwenyewe.

Na golikipa wetu Karimu, Mbulushi yule mwenye mikono kama makasia, ndiye aliyenipa jina. Aliniona nimevaa jezi ile akasema "bacha". Kwa lugha yao na ya Wahindi bacha ni mtoto. Wiki haikwisha, uwanja mzima Bacha, Bacha. Wapishi wa kambi Bacha. Jina langu alilonipa baba likabaki kwa mama peke yake.

Kapteni hakuniita Bacha. Kapteni alikuwa na kero yake. Alisema nnaukimbilia kila mpira kama mtu anayefukuza kuku. Na hapo, kwa kuwa wewe umekufa na mie bado, ntampa haki yake kidogo. Kwenye magongo goli si goli mpaka mpira upigwe ndani ya ile nusu duara ya chokaa mbele ya lango, siye tukiiita dii. Ukipigwa kutoka nje ya dii ukaingia wenyewe, si kitu, mpira unakuwa wenu. Kwa hivyo beki mwenye akili akiona umepigwa nje, anaupisha upite. Akiugusa unaweza kumfika fowadi aliyesimama ndani, naye akafunga la haki. Kapteni akapanga: wewe Masoud ndiye mwenye kuona mbali, ukisema wacha, mie niwache. Akanambia mbele ya wote kuwa kimo changu hakimshughulishi, bali beki asiyesikia hana kazi naye. Mechi ya askari ndiyo ya mwisho ya majaribio yangu. Nikikosea kusikia, narudi pwani. Nawe ulijua baada ya pwani ni wapi. Tende zilikuwa zishaanza manjano.

Basi mechi ile. Bao moja letu, wao hawana. Jua linashuka nyuma ya majabali, upepo umeinua vumbi na chokaa ya dii yote imepeperuka, hakuna anayejua mstari uko wapi. Yule fowadi wao, sajini wa shingo nene, akaubamiza mpira kwa nguvu zake zote. Karimu alikuwa ametoka, yuko upande mwingine. Goli wazi. Nikasikia sauti yako nyuma yangu.

Ewe Masoud. Mie masikio yangu yalikuwa mazima. Nilisikia "Bacha!" Nilisikia jina langu, kutoka kwako, na goli wazi. Ningefanya nini? Nikaruka. Sikukimbia, niliruka, nikalalia ule udongo wa mafuta, gongo mbele, mpira ukapiga ncha ya gongo ukapaa juu ya mwamba wa goli. Kidevu kilichanika, alama hii hapa, wajukuu huigusa. Watu wa juu ya magari wakapiga honi. Refa akapuliza mwisho. Yule sajini alikuja akaninyanyua kwa mkono mmoja kama mtu anayenyanyua paka, akanipeleka kwa wenzake wanitazame.

Furaha yote ile, nikamwona kapteni anakuja na uso wake wa ofisini. Hakuja kwangu. Alikuja kwako. Yeye alikuwa katikati ya uwanja na Kiswahili anakijua.

"Masoud, ulimwambia wacha, au ulimwita?"

Nnaona uso wako mpaka leo. Ulikuwa unajifuta jasho kwa ukosi wa jezi, ukausimamisha mkono. Karimu nyuma huko anaimba bacha, bacha, yeye kasikia bacha, lakini kapteni hakumsikiliza Karimu. Alikutaka wewe, kwa sababu kambi nzima ilijua Masoud hasemi uongo. Ulikuwa ukigonga gari kidogo tu kwenye jiwe unakwenda mwenyewe ofisini kusema. Wenzako walikuona mjinga kwa hilo.

"Nilimwita," ukasema.

Kapteni akakutazama sana. Kisha akanigeukia mie, damu inanitiririka kwenye jezi, akanambia kesho saa moja stoo, na jezi niipeleke kwa fundi akaipunguze. Hivyo ndivyo nilivyoandikwa. Hakunipongeza, wala sikumhitaji.

Tukapanda lori kurudi Matrah kabla milango ya mji haijafungwa. Mie nasema tu, nawasimulia watu waliokuwepo jambo waliloliona. Wewe umekaa umeshika gongo lako. Tulipopita kona ya Darsait ukaniinamia sikioni.

"Nilisema wacha. Weye huna masikio?"

Nikakwambia, umemwambia kapteni umeniita.

"Nilimwambia kapteni. Weye nakwambia kweli. Nilisema wacha. Mpira ulipigwa nje."

"Ulipigwa ndani."

"Nje."

Na hapo tukaanza, Masoud. Tukabishana mpaka mlangoni kwa mama, mama akatoka na ushungi wake akauliza nani kafa. Ukamwambia hakuna, bibi, mwanao kapata kazi. Ukamwambia wewe, kabla yangu, jambo ambalo sijakusamehe. Mama akakaa kizingitini akajifunika uso kwa ushungi ule, kisha akainuka akapiga kelele uani kuwaita mashoga zake, wakatoka wote, kila mmoja anauliza kwa Kiswahili na mwingine anajibu.

Na sisi hatukuacha. Mwaka wa sabini ulipoingia na watu wetu wa Unguja wakaja makundi kwa makundi, tunawapokea na huku tunabishana. Kwenye harusi yangu. Kwenye harusi ya Nassor. Nilipojenga Ghubra ukaja kuitazama nyumba, ukasifu varanda, kisha ukasema, lakini ulipigwa nje. Wake zetu walikuwa wakituona tumekaa pamoja wanatia chai na kuondoka. Na kila mara mie silaha yangu moja: ulimwambia kapteni umeniita, shahidi wangu ni wewe mwenyewe. Nawe kila mara unatikisa kichwa.

Mwezi uliopita hospitali, yule muuguzi wa Kihindi alikuwa anakufunika shuka, ukamsukuma mkono, ukasema wacha. Sauti ndogo. Nikainuka kitini nikakwambia, naam, umeniita? Ukacheka mpaka kikohozi kikakushika, muuguzi akanitoa nje. Sikukuona tena ukicheka.

Sasa nani nibishane naye? Nassor? Nassor hakuwepo. Hakunusa mafuta ya uwanja ule. Ana upande wako tu, alioupata kwako, na nimeutafakari upande huo tangu hitma nikaona una pengo. Kasimulia ulivyosema wacha. Hakusimulia kapteni alivyokuuliza. Halijui hilo. Hukumwambia mwanao, miaka yote, kuwa mara moja ulisema lisilokuwa.

Masikio yangu yalisikia Bacha na ntakufa hivyo. Lakini mdomo wako ulisema wacha. Nililijua hilo tangu kwenye lori, maana wewe huwezi kubishana kwa jambo la uongo kona zote zile za Darsait. Ulikuwa na ukweli mmoja, kapteni akautaka, hukumpa. Mama yangu aliishi Matrah kisha Ghubra mpaka Mungu alipomchukua, na siku yake ya mwisho alikuwa akimwambia jirani yake vipi asiunguze wali wa nazi, na jirani akamuelewa kila neno.

Ijumaa baada ya sala nakwenda kwa Nassor. Wakiwa wamekaa wote, wanawe na wakweze, ntawaambia baba yenu alisema wacha. Kisha ntawaambia alichomjibu kapteni, na kwa nini. Watanicheka mie zaidi ya siku ya hitma. Na wacheke.

Mungu akulaze pema, na akupe huko mtu mrefu wa kuzungumza naye.

Ni mimi,
mwenzio wa nyuma, upande wa kushoto