Kidole cha Refa

Mdogo wangu Kichwa Ngumu,

Mimi mzima, ila meno yametangulia mbele ya haki. Tangu tumzike shemeji yako mwaka jana, nyumba ina kimya hata mende wananong'ona.

Juzi alikuja mwalimu anayeandika historia ya klabu yetu ya kriketi. Nikamweleza jinsi baba na mafundi wenzake wa karakana walivyong'oa visiki kwa mikono, na jinsi bati letu la kwanza la kupigia mpira lilivyochongwa kutoka kwenye mlango wa choo. Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Kisha akauliza, "Sasa mzee, klabu ilikufaje?"

Nikamjibu, "Mvua, mwanangu."

Mvua gani! Siku ile klabu ilipovunjika, refa nilikuwa mimi. Ulikuwa umepata mbio sitini, yaani alama sitini, sawa na rekodi ya klabu, na rekodi ilikuwa yangu. Ulibakiza moja tu unipite. Mpira ukadakwa nyuma yako bila kugusa bati, na kwa sheria hapo mpigaji hatoki. Niliona kwa macho yangu haya, bado nikanyanyua kidole: umetoka. Ukahama mji, na nusu ya timu ikasusa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka thelathini na moja.

Nisamehe, ndugu yangu, uje nyumbani. Uwanja umekuwa msitu, nguvu sina. Nafyeka pale katikati tu, kati ya vijiti vya mpigaji na vile vya mrushaji. Kwa watu wawili panatosha.

Ni mimi kaka yako,
refa mstaafu