Sifuri ya Mkono wa Tembo

Mwenzangu, nimepewa sifuri ya ndizi! Mimi, niliyesomesha watoto wanne kwa migomba!

Mwalimu wetu wa kilimo, yule wa masomo ya jioni, kaweka mkungu mbivu mezani tutaje aina yake. Vidole vifupi kama dole gumba, ganda jembamba. Nikaandika kisukari.

"Kosa, mama. Kibao kinasema mkono wa tembo."

Kibao! Kakifunga yeye mwenyewe kwenye mkungu! Nikamwambia, "Mwalimu, mkono wa tembo kidole kimoja kinashibisha mtu. Huyu tembo kazaliwa leo asubuhi?" Darasa zima likacheka.

"Hapa ni sayansi, mama, si hadithi za shambani kwenu."

Kisha akamenya moja, akala vivi hivi. Akamenya ya pili. "Tamu kweli," anasema, huku ananiandikia sifuri. Mkono wa tembo, ndizi ya kupika! Anatafuna jibu langu na hajui!

Alhamisi narudia mtihani, mkungu uleule. Nikifeli tena, cheti ndiyo basi. Nimepiga magoti nikamwomba Mungu anipe unyenyekevu niandike huyo tembo.

Nimeinuka, nimejaribu kwenye daftari. Mkono umeandika kisukari.

Niombee, ila usiniombee niandike uongo.